Kadi ya Gari la Sita

Ofisini, 4 Machi

Baba, shikamoo.

Shangazi ameniandikia kwamba unakula nusu sahani na kuigombeza nusu iliyobaki. Acha ubishi, Baba. Yeye ni mkunga aliyezalisha karibu kila mama huko milimani, hawezi kushindwa na mgonjwa mmoja eti kwa kuwa ni kaka yake.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: tangu ile homa iondoke na masikio yako, simu kwako ni saa ya mezani, na vile viherufi vyake umekataa kuvisoma. Ya pili ni kazi. Nataka tuache kuwapa madereva fedha taslimu za mafuta.

Usirushe miwani, malizia kwanza kusoma. Kila asubuhi bado nakaa kwenye kidirisha chako, dereva anasaini, anaondoka na noti, jioni ananiletea risiti iliyolowa jasho ambayo hata lita hazisomeki. Juzi lori letu Mkorofi lilizimika njiani likiwa na magodoro mpaka juu ya kichwa. Dereva hana senti, tangi kavu, na mimi nimekaa huku na droo iliyojaa. Sasa kuna kitu kinaitwa kadi ya mafuta. Dereva anafika kwenye pampu, anatoa kadi, anabonyeza namba ya siri, anaandika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, anajaza, anaondoka. Mimi napata ujumbe papo hapo: gari gani, kituo gani, lita ngapi. Mwisho wa mwezi inakuja bili moja.

Nimeongea na kampuni tatu. Ya kwanza inatumia vituo vyake yenyewe na inatupunguzia kidogo kwa kila lita, ila ukivuka daraja refu huioni tena. Ya pili kadi yake inapokelewa karibu kila mahali, lakini inatoza ada ya kila mwezi kwa kila kadi. Ya tatu inataka tuweke amana kwanza, na mtu wao wa mauzo alinipa kalamu, kofia na mwavuli kwa mkupuo mmoja, nikaanza kuogopa.

Wanataka orodha ya magari. Nimeandika matano: Bibi Harusi, Mkorofi, Pacha Mkubwa, Pacha Mdogo na Kikohozi. Nipe ushauri na baraka zako.

Binti yako,
Mkurugenzi wa Magodoro

*

Milimani, 15 Machi

Kwa Mkurugenzi,

Marahaba. Hiyo nusu sahani ninayoikataa ni maboga. Shangazi yako anapika maboga kana kwamba kesho yanapigwa marufuku.

Kuhusu kadi. Kampuni hii nimeiendesha kwa droo na ufunguo tangu hujaota meno, na droo haikuwahi kusahau namba ya siri. Lakini sikatai. Waulize haya. Lile punguzo linatolewa kwenye bei ya pampu au kwenye bei wanayoijua wao? Kadi ikipotea Jumamosi jioni, nani anapokea simu ya kuifunga? Vituo vyao vina nafasi ya lori kugeuka, au dereva atarudi kinyumenyume mpaka barabarani huku watu wakimtukana?

Kadi iwe ya gari, si ya dereva, ili dereva akihama asihame nayo. Namba ya siri iwe ya kila mtu na yake. Iruhusu dizeli tu; soda na biskuti wanunue kwa mifuko yao. Kila gari liwekee kikomo cha lita kwa siku kulingana na tangi lake na safari zake. Chukua kampuni ya pili. Bibi Harusi linavuka daraja kila wiki, na ile ada ndiyo bei ya usingizi wako.

Jambo la mwisho. Umeandika magari matano. Yako sita.

Najua unachotaka kusema, usikiseme. Kobe bado limesajiliwa kwa jina la kampuni. Kaka yako aliondoka nalo, hakuliiba. Liombee kadi, umpelekee huko aliko. Unajua aliko, ila unanificha, kama mlivyokuwa mkifichiana vyombo mlivyovunja. Sitaki aandike kunishukuru. Simtumii salamu, namtumia kadi.

Na hiyo ya Kobe usiiwekee kikomo.

Baba yako

*

Ofisini, 26 Machi

Baba, shikamoo.

Kadi zimekuja, na tangu zije sijapumua. Nimechukua kampuni ya pili kama ulivyosema. Niliwakusanya madereva uani nikawafundisha kwa kutumia kikokotoo kama ndiyo mashine ya pampu. Wote wakaitikia wameelewa, na ndipo nilipojua hakuna aliyeelewa. Dereva wa Kikohozi ameandika namba yake ya siri mgongoni mwa kadi kwa wino usiofutika, na chini yake akaandika "Siri". Wa Mkorofi alifunga kadi siku ya kwanza kwa kubonyeza mwaka wa harusi yake badala ya namba. Alipoukosea mara tatu, mkewe akapata habari, na sasa ana kesi mbili. Pacha Mdogo liliandikiwa kilomita za kutosha kuizunguka dunia. Mluzi wa Bibi Harusi peke yake alipatia mara moja, akalijaza ng'ambo ya daraja, akaondoka akipiga mluzi wake ule ule.

Ila kwa mara ya kwanza, Baba, magari yote matano yalikuwa barabarani kwa wakati mmoja na mimi nilikunywa chai ikiwa ya moto.

Kula maboga.

Binti yako

*

Ofisini, 26 Machi

Kaka, shikamoo.

Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, kwa hiyo natuma barua hii kwa fundi wa matairi pale unapolala, nikijua itakufikia ikiwa na alama za vidole vyake.

Ndani kuna kadi ya mafuta, imeandikwa namba ya usajili ya Kobe, na kikaratasi chenye namba ya siri. Aliyeiagiza ni Baba. Soma tena sentensi hiyo kama huamini.

Siku ile nilikuwepo kidirishani. Nilimsikia akisema uani, mbele ya madereva wote, kwamba dizeli ya Kobe inaishia mikononi mwa anayeliendesha. Hakutaja mtu, hakukuwa na haja. Nilikuona ukiwasha gari. Nilidhani unakwenda kupoza hasira na ungerudi kula. Miaka minne sasa hakuna aliyekutaja mezani kwetu, na mimi nimekuwa nikila chakula kwenye meza hiyo.

Sasa Baba anaisha, kaka. Shangazi anasema moyo umechoka; kutoka kitandani mpaka kibarazani anapumzika njiani. Hatasema samahani. Wewe na mimi tunamjua, hata mama hakuwahi kuisikia. Lakini kadi yako amesema isiwekewe kikomo. Baba huyu huyu aliyekuwa akipima matangi kwa kijiti! Tafadhali jaza mara moja tu, popote, aone kwenye taarifa kwamba umepokea. Sitakuomba zaidi ya hapo.

Mdogo wako

*

Njia panda, 11 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Naandika, sikupigii. Nikikupigia utalia, na ukilia mimi nakubali kila kitu. Ndivyo ulivyonipora baiskeli.

Kadi hiyo nairudisha, haijaguswa. Kwanza, Kobe halipo. Injini ilikufa mwaka juzi, limekaa juu ya mawe nyuma ya gereji na kuku wanataga kwenye kiti changu. Sasa naendesha lori la mtu, la saruji, na tajiri wangu ananipa mafuta yake. Pili, hata kama lingekuwepo. Siku ya pili baada ya kuondoka nyumbani nililala chini ya Kobe nikaona bomba la tangi limechanika. Dizeli ilikuwa ikidondoka njia nzima, tone kwa tone, miezi yote ile. Nikaziba kwa kipande cha sabuni. Ningeweza kugeuza siku hiyo hiyo nikamwonyeshe. Sikugeuza. Mtu akikuita mwizi mbele ya watu huendi kumpelekea ushahidi kama mshtakiwa. Yeye ndiye baba, angelala chini ya gari mwenyewe aangalie, kabla ya kufungua mdomo.

Kama anaumwa, Mungu amponye, nalisema hilo kwa moyo mweupe. Lakini kadi, hapana. Mwambie nimeshiba.

Kaka yako

*

Milimani, 20 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya madereva nimeisoma mara mbili, nikacheka mpaka shangazi yako akaja kunipima mapigo. Huyo wa Kikohozi mbadilishie kadi, na namba mpya umwandikie kichwani.

Lakini hukuandika Kobe limejaza wapi. Nimepekua kurasa zote, mbele na nyuma. Ulimpelekea? Alisema nini? Kama hakusema kitu ni sawa, hata mimi nisingesema. Nataka tu kujua kama amejaza.

Shangazi yako ameniletea ramani kuukuu iliyokuwa ukutani zahanati. Nimeitandika mezani, nimeizuia kwa vikombe. Nitumie taarifa ya mwezi ya Kobe, ile iliyochapwa na kampuni yenyewe, si ya mdomo. Na usinifanye mteja, ukaniambia gari limeshatoka kumbe bado linapakiwa.

Siku hizi silali vizuri. Nikilala chali kifua kinajaa. Najikuta nawaza barabara.

Baba yako

*

Ofisini, 27 Aprili

Kwa Mluzi,

Naona afadhali niandike kuliko kusema, maana ofisi hii ina masikio. Ndani ya bahasha kuna kadi ya pili na namba yake. Ukivuka daraja, jaza Bibi Harusi kwa kadi hii, ile yako iache mfukoni. Kilomita za kuandika nimekupa kwenye kikaratasi, usiandike za dashibodi. Wahudumu wa pampu hawatazami namba ya gari, wanatazama foleni.

Ni kwa ajili ya Mzee. Wewe ulikuwepo uani siku ile, sina haja ya kukueleza. Usimwambie mtu, hata kwa mluzi.

Mimi, wa kidirishani

*

Ofisini, 5 Mei

Baba, shikamoo.

Taarifa hiyo hapo, na muhuri wa kampuni juu yake. Kobe limejaza mara mbili: ng'ambo ya daraja refu, halafu kwenye ule mji wa kiwanda cha saruji. Kaka hakuandika barua, ila kadi ameipokea.

Sasa lala kwa mito mitatu kama Shangazi anavyotaka. Tuna ghala zima la magodoro, nisije nikasikia baba yangu amekosa mahali pa kuegemea.

Binti yako

*

Milimani, 18 Mei

Mwanangu, marahaba.

Nimeweka punje ya mahindi kwenye daraja pale ramanini, na nyingine kwenye mji wa saruji. Kila asubuhi nakuta hazijasogea, lakini naziangalia.

Huo mji wa saruji ni vumbi tupu, na kaka yako kifua chake ni kibovu tangu mtoto. Mwambie afunge kitambaa. Hapana, usimwambie, atajua ni mimi. Nimepiga hesabu ya kilomita zake, naona hakimbizi gari. Zamani alikuwa akilikimbiza sana. Nilikuwa nikimsikia akiingia uani nikajua kwa breki tu kwamba ni yeye, nikamgombeza kabla sijamwona. Sasa hapa kimya kitupu, gari likija getini sijui mpaka shangazi yako anishike bega.

Jana nilikula maboga. Shangazi yako amekuandikia? Alikaa akanitazama kama nimefanya muujiza. Halafu nikatembea mpaka getini bila kupumzika, nikasimama pale kidogo nikitazama barabara inavyoshuka, nikarudi.

Amejaza mara mbili, mwanangu. Amepokea. Mwezi ujao nitumie mapema.

Baba yako

*

Ofisini, 19 Juni

Baba, shikamoo.

Taarifa ya Mei hiyo, na nimewaomba kampuni wanitolee na ya Juni mpaka hapa tulipofika, ili usingoje. Punje nne mpya. Ile ya kaskazini, njia panda, ni ya juzi tu.

Shangazi anasema umeanza kuchagua shati la kuvaa siku ya posta. Vaa lile lililopigwa pasi, Baba. Nafurahi. Kazi ni nyingi, ndiyo maana barua ni fupi.

Binti yako

*

Milimani, 6 Julai

Mwanangu, marahaba.

Mwandiko umeharibika, vumilia.

Nimeiona taarifa ya Juni. Njia panda ya kaskazini Kobe limejaza lita mia moja na kumi kwa mkupuo mmoja. Tangi la Kobe linameza themanini, na hapo uwe umelitikisa. Nililinunua mimi, nikalijaza kwa mkono wangu miaka yote ile. Linalomeza mia na kumi ni Bibi Harusi. Nilivaa miwani nikaitazama ramani upya, nikaona kila punje yangu imekaa kwenye njia ya Bibi Harusi. Mluzi bado anasimama kwenye mgahawa ule ule wa njia panda, yule mama humwekea chai ya tangawizi.

Kwa hiyo amekataa. Ningekuwa yeye na mimi ningekataa. Nimezaa kichwa changu mwenyewe.

Sikukasirikii. Nilikaa na karatasi ile mapajani mpaka shangazi yako akadhani nimeletewa habari ya msiba. Nililia, sikufichi. Kadi ile sikuitaka kwa ajili ya dizeli, mwanangu. Nilitaka ajue kwamba hata akijaza mpaka imwagike chini, mimi siulizi tena. Sikuwa na njia nyingine ya kulisema. Maneno yenyewe nimeyajaribu hapa kwa kalamu na nimeishia kuchana karatasi.

Lakini usiache. Mwezi huu nitumie tena taarifa. Mwambie Mluzi ajaze themanini, isizidi, ili niweze kuamini. Na kama inawezekana, mara moja apewe mzigo wa magharibi. Upande ule sina punje hata moja, na kaka yako tangu utoto alikuwa akitaka kuliona ziwa.

Baba yako

*

Ofisini, 15 Julai

Kaka,

Leo sikuamkii, utanisamehe baadaye.

Barua ya Baba hiyo hapo, yenyewe, si nakala. Nilidanganya. Uliporudisha kadi nilimpa Mluzi, akawa anajaza Bibi Harusi kwa namba ya Kobe, na mimi nikampelekea mzee mgonjwa taarifa za safari ambazo hukuzifanya. Alizila zile taarifa kuliko chakula. Nilijiambia namsaidia, maana alianza hata kula. Soma uone alipofika.

Mluzi ameshaondoka kwenda magharibi. Amejaza themanini, ziwani, kama alivyoombwa. Alinipigia kutoka pale pampu akilia. Mtu mzima, na magodoro yake nyuma.

Habari za lile bomba sijamwambia. Si langu kumwambia. Nimechoka kusimama katikati yenu, mmoja ananiambia usimwambie ni mimi, mwingine ananiambia mwambie nimeshiba. Kadi narudisha tena kwako. Ukitaka uitupe, itupe mwenyewe, isipite tena mikononi mwangu.

Mdogo wako

*

Njia panda, 1 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya Kobe, pembeni ya kuku anayeatamia. Fundi alikuja kuniita kwa kazi, akanitazama, akarudi zake.

Usidhani hasira imekwisha. Ipo. Nikikumbuka pale uani, na wale watu wakitazama viatu vyao, bado naisikia kifuani. Lakini "ajaze themanini ili niweze kuamini"? Mzee yule? Hilo limenimaliza. Nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote shuleni.

Nimemwomba tajiri mzigo wa kupanda milimani. Anasema upo, ila ni wa katikati ya mwezi. Ningeweza kupanda basi kesho, najua utaniuliza. Sitaki kuteremka kwenye basi na mfuko mkononi kama mtu aliyefukuzwa anayerudi kuomba. Nataka anione naingia getini na lori, na mzigo, mtu na kazi yake. Nivumilie kwa hilo moja. Ni wiki mbili tu, na wewe umeniambia ameanza kula.

Usimwambie. Akijua atakaa kibarazani ananingoja apate baridi. Kadi ninayo mfukoni. Nitajaza nayo njiani, lori la tajiri linywe dizeli ya Baba, aone mwenyewe.

Kaka yako

*

Milimani, 17 Agosti

Mwanangu,

Habari hizi hazifai kuandikwa, ila mvua imeangusha mnara wa simu na mlima mzima uko kimya. Barua hii nampa dereva wa gari la maziwa akukabidhi mkononi. Kaa chini kwanza. Kama mtu yupo karibu, mwambie akae nawe.

Baba yako ametutoka leo asubuhi. Nilikuwa naye, nilimshika mkono. Hakuhangaika. Nimekaa na watu wengi katika saa kama ile, na nakwambia kweli, aliondoka bila ugomvi, jambo ambalo wewe na mimi tunajua hakulizoea.

Jana alikuwa na siku nzuri. Alioga, akavaa shati la posta, ingawa posta haikuja. Siku ile taarifa ya Julai ilipofika alichukua punje akaiweka ziwani kwa uangalifu, kisha akaniambia kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi: "Amefika ziwani." Akarudia jana jioni. Sikujua kama anaamini au anatania. Sikumwuliza, nikamwambia kwa kichwa ndiyo.

Tutakungoja. Mtafute na kaka yako, kwa simu, kwa miguu, kwa namna yoyote. Mwambie simlaumu. Mwambie aje tu, tutamngoja na yeye.

Shangazi yako

*

Kituo cha mafuta, chini ya mlima, 18 Agosti

Baba, shikamoo.

Sijui kuanza, kwa hiyo naanza na dizeli. Nimejaza hapa sasa hivi kwa kadi yako, lita arobaini. Si Kobe, ni lori la saruji la tajiri wangu, tangi lake lina mia na hamsini. Nakwambia mapema usije ukapiga hesabu ukanikamata kama ulivyomkamata mdogo wangu. Kobe lilikufa, Baba. Nililitunza nilivyoweza.

Mhudumu aliniuliza kadi hii kikomo chake lita ngapi. Nikamwambia haina kikomo. Akatazama mashine, akanitazama mimi na nguo zangu za saruji, akauliza hiyo kampuni ya nani. Nikasema ya baba yangu. Nilikuwa nimesahau neno hilo linavyotamkwa.

Barabara ya juu imeporomoka kidogo kwa mvua, malori yamezuiwa mpaka kesho. Pikipiki zinapita. Kuna mwalimu anapanda huko jioni hii, anasema nyumba ya mkunga anaijua, ndiye aliyempokea akizaliwa. Nampa barua hii itangulie, usije ukashtuka nikitokea ghafla. Nilitaka iwe ghafla, halafu nikaukumbuka moyo wako.

Mdogo wangu ananipigia simu tangu jana jioni bila kupumzika. Sipokei. Najua anataka kuhakikisha sijageuza njiani, na mimi nikimsikia analia naweza kweli kugeuza. Mwache apige, kesho atajua kwamba nimefika.

Mambo ya siku ile tutaelezana, au tusielezane. Nimenunua daftari na kalamu mbili, moja yako moja yangu, kwa sababu ya masikio yako. Tukishindwa kuandika tutakaa tu. Kwa barua yako ile niliyopewa niisome, mimi sina tena ninachodai.

Nakuomba kitu kimoja. Kesho ukiona lori la saruji getini, usinyanyuke kuja kunipokea. Kaa hapo hapo ulipo, Baba. Nitakuja mimi.

Mwanao